Nati ilishuka yenyewe, mimi nikanyamaza: ball screw ilivyoizima lathe ya baba

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na mambo kwa rika langu.

Mimi huwa nasoma tu humu. Mwaka wa pili huu nasoma nyuzi za mafundi na sijawahi kuandika hata neno, hata kugonga like naona aibu. Leo naandika kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwambia. Sitaongeza chumvi, na mahali nilipokosea nitapataja mwenyewe kabla hamjapaona.

Mods, kama jukwaa siyo hili, nihamishieni taratibu.

Mimi ni binti wa miaka kumi na nane, nimemaliza form four, niko nyumbani Mbinga mjini. Naandika diary tangu form one. Kuandika naweza, kuongea mbele za watu siwezi kabisa. Kuna siku shuleni nilipewa sifuri ya swali ninalolijua vizuri, kwa sababu tu mwalimu alitaka nijibu nikiwa nimesimama.

Shikeni hilo, maana kisa chote kiko hapo.

Baba yangu ni fundi mkerezaji. Ana lathe moja ya zamani, mashine nzito ya kukerezea chuma, aliyoipata karakana ya misheni ilipofungwa. Kwa lathe hiyo anakereza shafti za pulpa, zile mashine za kumenya kahawa, na bush za mashine za unga, na watu wa ziwani wanapanda huku na shafti za injini za boti. Yeye mwenyewe ni Mnyasa wa Liuli. Alipanda huku juu kumfuata mama, ambaye ni Mmatengo, watu wa kahawa. Mama hutania kwamba aliolewa na mvuvi akaletewa chuma.

Sasa, mkono.

Mkono wa kulia wa baba ulianza kutetemeka kama miaka mitatu iliyopita. Mwanzoni ni kikombe cha chai tu. Baadaye ikawa saini. Hospitali wakasema dawa itapunguza, haitaondoa.

Anayejua kukereza ananielewa. Kila mkono una hendeli yake, na kuna mahali unatakiwa kusogeza kisu kwa unene wa unywele. Mkono unaotetemeka hausogezi unywele, unasogeza kamba. Baba akaanza kuharibu shafti. Alikuwa anazificha nyuma ya pipa la maji ili mama asizione. Mimi nilikuwa naziona.

Hapo ndipo likanijia wazo la CNC. Mnajua wenyewe: unatoa hendeli, unafunga stepper motor, kompyuta inasogeza kisu. Fundi anabaki na akili yake na jicho lake, mkono unapumzika. Nilitazama video mpaka bando likaniisha nikiwa katikati ya sentensi ya Mhindi mmoja.

Kumwambia baba nilishindwa. Niliandika ukurasa mzima nikauweka chini ya kasha la venia, kile kipimo chake cha unene. Siku mbili kimya. Siku ya tatu nikakuta ameandika kwa chaki kwenye kitanda cha lathe, herufi zimepinda kwa mkono ule ule: TUJARIBU.

Nilipiga picha. Bado ninayo.

Kwa wasiojua, nieleze kwa kifupi. Skrubu ya kawaida ya lathe, nati yake inasuguana na meno. Ikichakaa inakuwa na mchezo, unazungusha hendeli na kisu hakijasogea. Fundi mzoefu anaufidia mchezo huo kwa mkono, kompyuta haiwezi. Ndiyo maana unaweka ball screw. Ndani ya nati yake kuna gololi ndogo zinazobingirika kwenye mfereji wa skrubu, zikifika mwisho zinarudishwa mwanzo kwa kinjia cha plastiki. Haina mchezo, na ni laini mno.

Na gololi hizo zinashikiliwa na nini? Na skrubu yenyewe. Nati ikivuka mwisho wa skrubu, hakuna tena cha kuzishika.

Nililisoma hilo. Nililiandika kwenye daftari langu. Tutarudi hapo.

Ball screw zilikuja na basi kutoka Dar, alizitafuta baba mdogo. Mbili: fupi ya kusogeza kisu ndani na nje, na ndefu ya kuusafirisha mkokoteni wote unaobeba kisu kulia na kushoto. Mama aliuza kahawa yake kwa ajili ya vile vyuma viwili, na hakuuliza swali hata moja. Ningependa angeuliza.

Tulianza na fupi. Wiki tatu, wakuu. Nati ya ball screw ni nene kuliko ya zamani, haikuingia, ikabidi tuchonge tumbo la chuma chini ya meza ya kisu kwa tupa, mimi nachonga, baba anapapasa kwa kidole na kusema "bado." Kunyoosha bering mbili zitazamane ilikuwa kazi nyingine. Baba alinifundisha kupima nafasi kwa karatasi ya sigara: ukiivuta ikabana kidogo pande zote, umefika. Unaisogeza nati mpaka mwisho wa huku, unakaza, unaipeleka mwisho wa kule, unakaza. Ukikaza nati ikiwa katikati, utailaani siku nzima.

Wakati ule nilikuwa naongea na baba sana kuliko maisha yangu yote. Tukiwa wawili tu, na chuma katikati, ulimi wangu ulikuwa unafunguka.

Siku ya kuwasha, niliandika amri kwenye laptop, meza ikasogea. Polepole, ikasimama pale pale nilipoiambia. Baba alipima kwa venia, akapima tena. Halafu akaweka mikono yote miwili mfukoni na kuniambia, "Rudia."

Nikarudia. Yeye amesimama, mikono mfukoni, anacheka peke yake.

Laiti uzi ungeishia hapo.

Kesho yake baba akafanya jambo ambalo sikulizuia pia. Skrubu kuu ya zamani, ile ndefu tuliyokwisha kuitoa, aliikata vipande. Alisema chuma kizuri hakilali bure. Kipande kimoja akamfanyia shafti ya pulpa mzee mmoja wa Mpepai aliyekuwa anasubiri. Tulikuwa na uhakika hatutarudi nyuma.

Sasa niwaeleze desturi ya baba, bila hiyo hamtaelewa.

Baba ana kipimo chake cha nati. Akimaliza kutengeneza skrubu yoyote, anaiinua wima kwa mkono wa kushoto, nati ikiwa juu, anaiachia. Nati ya fundi mzuri inashuka yenyewe, inazunguka taratibu bila kuyumba mpaka chini, inatoka, inaangukia kwenye kiganja chake cha kulia. Hapo ndipo mteja anapokea kazi. Hakuna risiti, hakuna maneno. Watu wa Mpepai mpaka Tingi wanakijua kipimo hicho. Kuna mtu aliwahi kukataa kuchukua boliti kwa sababu hakuiona ikishuka.

Tangu mkono uanze kutetemeka, baba alikuwa hakifanyi tena mbele za watu.

Siku tuliyotaka kufunga ball screw ndefu, baba alisema tuioshe kwanza. Kitu kipya kwake hakipandi kwenye mashine bila kuoga. Nilitoa zile pete za mpira zilizokuwa pande mbili za skrubu, nikaiosha kwa mafuta ya taa, grisi yote ikatoka, nikaifuta kwa kitambaa.

Pete zile ndizo zilizokuwa zinaizuia nati isitoke. Nilizitoa mimi.

Baba akaichukua. Karakana ilikuwa na watu. Yule mzee wa Mpepai alikuwa amefuata shafti yake, fundi baiskeli wa jirani alikuwa amekuja kushangaa, na wateja wengine wawili wamekaa kwenye gogo.

Mzee wa Mpepai akasema, "Fundi, ndiyo hiyo ya kompyuta? Mbona inang'aa kama kinara cha kanisani!"

Fundi baiskeli akadakia, "Kung'aa hata kijiko kinang'aa. Hebu aiachie nati tuone."

"Siku hizi haachii," mmoja wa kwenye gogo akasema. "Anaogopa."

Wakacheka. Si kwa ubaya. Ndivyo wanavyotaniana na baba miaka yote.

Baba naye akacheka. Akanitazama mimi, kama mtu anayesema subiri uone, akaiinua ile skrubu. Mkono wa kushoto juu ya kichwa, kiganja cha kulia chini, kinatetemeka. Akaiachia nati.

Ikashuka.

Wakuu, sijawahi kuona nati inashuka vile. Zile za baba zinashuka zikisita sita, hii ilikuwa kama maji. Mzee wa Mpepai akasema "Aisee" kwa sauti ndogo.

Skrubu ile ina urefu unaozidi mita. Nati ilishuka taratibu. Nawaambia hivi ili mjue nilikuwa na muda. Nilikuwa na muda wa kusema nusu ya Baba Yetu. Neno lenyewe lilikuwa "Baba, ngoja." Tu. Lilikuwa tayari kooni. Nikaangalia watu, nikaangalia uso wa baba ulivyofurahi, nikajiambia labda ataisimamisha kabla ya mwisho. Nilijua hataisimamisha. Kipimo ni mpaka iangukie kiganjani.

Ikatoka. Aliidaka vizuri kabisa.

Halafu gololi zikaanza kumwagika. Zilipita katikati ya vidole vyake kama ulezi unaotoka kwenye gunia lililotoboka. Zikadunda kwenye kitanda cha lathe, zikaingia chini, nyingine zikabingirika mlangoni mpaka kwenye mfereji wa maji ya mvua. Sauti yake bado naisikia. Ni ndogo sana, mngeweza kudhani ni mvua ya kwanza kwenye bati.

Hakuna aliyecheka.

Baba aliutazama mkono wake. Hakuitazama nati wala skrubu, aliutazama mkono. Akasema, "Umeona sasa."

Alikuwa anauambia mkono.

Tuliokota. Tulitumia sumaku ya spika ya zamani, lakini sakafu ya karakana ya kukereza ina chenga za chuma kila mahali, sumaku inapanda na ndevu, unachambua gololi moja katikati ya ndevu hizo mpaka vidole vinatoka damu. Mzee wa Mpepai alipiga magoti na suruali yake ya kanisani akasaidia. Zile za mfereji hazikupatikana.

Pengo lilikuwa kubwa. Fundi baiskeli akasema gololi za frihwili ya baiskeli ni saizi ile ile, akaleta kopo. Nilipima kwa venia, zilionekana sawa. Nilizipanga moja moja kwa grisi, nikairudisha nati kwa kutumia kipande cha bomba cha kuzishika gololi, kama video zinavyoonyesha. Ikapanda. Tukaifunga kwenye mashine, motor ikaanza kuzunguka.

Ilienda kama nusu mita, ikaanza kulia, ikakwama. Motor ikalazimisha. Pakasikika mlio mmoja wa kupasuka.

Baadaye nilisoma kwamba sawa ya venia siyo sawa ya gololi. Zikipishana kwa kiasi ambacho jicho na venia haviwezi kuona, zile kubwa zinabeba mzigo wote. Kinjia cha plastiki kilikuwa kimevunjika, na skrubu imepata mikwaruzo mfereji mzima.

Ya zamani tulishaikata. Mpya imekufa. Lathe imekaa pale, meza yake fupi inasogea vizuri kwa kompyuta, mkokoteni hauendi popote. Ni kama mtu aliyepona mkono akavunjika miguu yote miwili.

Wateja walikuja wiki ya kwanza, wakatoa pole, wakaenda Songea. Wiki ya pili walikuja wachache. Baba akafunga mlango wa karakana, akamwambia mama anaenda kumsalimia dada yake Liuli.

Hiyo ni zaidi ya mwezi sasa. Salamu gani hizo?

Kilichokuwa kinanila siyo lathe peke yake. Kila aliyeuliza, baba alimjibu, "Mkono huu ulizimwaga. Mkono mzima ungezizuia." Alimwambia mama hivyo, akamwambia padri hivyo. Mimi nipo pembeni nasikia, najua kwamba hata angedaka kwa kiganja cha mawe gololi zingetoka tu. Na bado nikanyamaza. Siku ya kwanza kwa woga. Siku ya pili kwa sababu sikusema siku ya kwanza. Mnaelewa inavyokwenda.

Nilifikiria kumwandikia tena ukurasa. Nikaona huko ni kukimbia. Wiki iliyopita nikachukua daftari langu, nikashuka Liuli.

Nilimkuta kwa shangazi, anageuza usipa, wale dagaa wa ziwani, kwenye chanja. Ndiyo kazi aliyojipa. Usipa hauhitaji mkono uliotulia, unahitaji tu mkono. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa nafasi upande wa pili wa chanja. Tukageuza. Ziwa lilikuwa tulivu, na wanawake wanafua nguo kwenye mawe.

Nikasema. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Baba, haukuwa mkono wako."

"Haya yameanzia wapi tena?"

"Nati ikivuka mwisho wa skrubu, gololi zinamwagika zenyewe. Hata ingedakwa na mkono mzima."

Akatabasamu, wakuu. Tabasamu lile ndilo lililoniua. "Una huruma kama marehemu bibi yako," akasema. "Pole yako nimeipokea, mwanangu. Geuza huo usipa wa huku, unaungua."

Hakuniamini. Nilikuwa nimechelewa mno, ukweli wangu ukaonekana ni pole.

Basi nikafungua daftari, nikamwekea mbele. Aliinyoosha mikono mbali ili asome, hakuwa na miwani, kurasa zinatikisika. Mstari wenyewe ni huu, nanakili kama ulivyo:

"Nati isivuke mwisho wa skrubu, gololi zitamwagika zote. MWAMBIE BABA."

Chini ya hayo maneno mawili ya mwisho nilipiga mistari miwili.

Aliusoma muda mrefu kuliko urefu wake.

"Uliandika lini?"

"Siku mbili kabla."

"Na siku ile ulikuwa umesimama wapi?"

Anajua nilikuwa wapi. Alinitazama kabla ya kuiachia. "Karibu na dirisha, baba. Nilikuwa nimeshika kitambaa."

Akalifunga daftari. Akalifuta magamba ya usipa kwa mkono wa shati, akanirudishia kwa mikono miwili kama unavyomrudishia mgeni kitu chake.

Halafu akasema, "Mkono wangu nilikuwa nimeshausamehe."

Akahamia chanja nyingine.

Sikulala Liuli. Nilipanda gari la mchana kurudi Mbinga. Shangazi alinipa mfuko wa usipa, nimeshika mfuko huo njia nzima kupanda milima na sikumbuki nilipita wapi.

Baba bado yuko kule. Anatuma salamu kwa mama.

Somo, kwa sababu najua mtauliza. Kwa mafundi: pete za mpira kwenye ball screw msizitoe mpaka siku ya kufunga, na nati isitoke bila bomba la kuipokea. Skrubu ya zamani msiikate mpaka mpya ifanye kazi mwezi mzima. Na mtu ukijua kitu, kiseme kingali kinashuka. Kikishafika chini hata ukikisema hakisaidii, kinaumiza mtu wa pili tu. Najua wengine mtasema nisingemwonyesha daftari. Hata mimi siku zote nne hizi najiuliza. Sijapata jibu.

Naomba msinipe pole, ninazo za kutosha. Mwenye kujua kama nati iliyovunjika kinjia inatengenezeka, au mahali pa kupata gololi zinazolingana kweli kweli, aandike. Na kama kuna mzazi humu aliyewahi kunyamaziwa na mtoto wake, aniambie ilimchukua muda gani.

Inbox siwezi, naona aibu. Andikeni hapa hapa, nitasoma yote.